Tabia Mpya ya Seremala

Kitu cha kwanza alichokigundua mkewe ni mlango. Seremala aliingia ndani, akaurudisha polepole bila kuubamiza, kitasa kikalia ti. Mwanamke akabaki na mwiko hewani.

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu mumewe apasuliwe kichwa, kutolewa uvimbe wa saratani kwenye ubongo. Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu ya dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ipambane na mabaki. Na kila mara muuguzi aliuliza, kalamu mkononi: "Mama, tabia yake imebadilika?"

"Hapana," alijibu, macho sakafuni.

Uongo mtupu. Seremala alikuwa akijikwaa kwenye kigoda, anakiomba radhi. Aliona siafu ukutani, na hapakuwa na hata mmoja. Alilia akimsikiliza binti yao akisoma. Siku moja akamwamkia shikamoo mdogo wake wa kike.

"Kaka kaniamkia mimi, kitindamimba!" Wifi alicheka hadi akashika mbavu. Kisha kicheko kikamkauka. "Hii si kawaida. Mwambie daktari."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alipika, akafua, roho mkononi.

Jumanne seremala alipiga randa ubao uleule tangu asubuhi, mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Halafu akaanguka, mwili ukimtetemeka. Wakamkimbiza hospitali.

Daktari aliwakuta kando ya kitanda. "Huenda kinga tuliyoiamsha imegeuka, inaushambulia ubongo wake. Kama ni hivyo, nasimamisha dripu, naanza dawa ya kuituliza leo hii. Tukichelewa, tunampoteza. Nijibu kweli, mama: amebadilika?"

Wifi alimfinya mkono. "Sema basi! Unaogopa nini?"

Mwanamke aliinua macho kutoka sakafuni.

"Amebadilika," alisema. "Mwezi mzima sasa." Akaeleza kigoda, siafu, machozi, yote.

Daktari akashusha pumzi. "Umemwokoa. Tumewahi. Naamini atarudi kuwa vilevile alivyokuwa."

Wifi akamkumbatia kwa furaha. Yeye alisimama kama gogo, akiitazama mikono ya mumewe juu ya shuka. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa, akaitoa siri yake.

"Daktari, alivyokuwa, alikuwa akinipiga."