Mawe Meupe ya Punda

Sikilizeni kwa utulivu, maana hiki si kisa cha kuchekea.

Wanyama watatu walipiga kambi jangwani: Punda mchota maji, Kobe mpishi, na Mbweha, ambaye hakuwa na kazi ila kuokota mawe ya kupendeza na kuyapanga mbele ya hema lake.

Asubuhi moja, Punda akiwa ameshaondoka kwenda kisimani, Mbweha alirudi na mfuko mzito.

"Tazama, Kobe, mawe meupe matupu. Nimeyakuta yamepangwa matatu matatu, kama yananisubiri mimi."

Kobe aliacha kukoroga uji. "Ndugu yangu, hizo ni alama za Punda. Ndizo anazozifuata akirudi."

Mbweha aliubeba mfuko akatoka mbio, lakini upepo ulikuwa umeshafuta hata nyayo zake mwenyewe. Alisimama mchangani na jiwe mkononi, asijue aliweke wapi. Akaita mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya pili jioni walimkuta Punda nyuma ya kilima cha mchanga, karibu kabisa na kambi. Alikuwa amekufa kwa kiu. Viriba viwili mgongoni mwake vilikuwa vimejaa, wala hakuna kilichofunguliwa, maana yale yalikuwa maji ya kambi.

Mbweha aliyapanga mawe juu ya kaburi, matatu matatu. Mpaka leo, akiona jiwe zuri njiani, hulitazama, kisha hulizunguka akapita kando.