Mtoro

Sindano ilikuwa bado imesimama kwenye kidole gumba cha Kimya alipoinua macho. Panya mweupe aliyemponyoka alikuwa amekwisha kujibanza kwenye kona ya kasha lake. Kimya hakupiga kelele. Jina hilo hakupewa bure.

"Ulikuwa umeshalisukuma bomba?" mkuu wa maabara aliuliza.

"Kidogo."

Mkuu alimvuta hadi kwenye sinki, akaichomoa sindano, akamvua glovu na kukiweka kidole chini ya maji kitoe damu. Watu walimwita Bwana Kanuni, naye alilipenda jina hilo kuliko shahada zake zote. Alikuwa na kanuni ya kila kitu, hata ya namna ya kufunga mlango wa friji. Lakini alimpenda Kimya kama binti wa kumzaa.

Ndani ya sindano ile mlikuwa na Mtoro. Ndivyo walivyoziita seli za saratani zilizotoka kwenye uvimbe wa mgonjwa mmoja wa hospitali iliyo ng'ambo ya ua, kwa sababu hazikujua kutulia. Seli za kawaida hushikana na jirani zake kwa protini iliyo kama gundi. Mtoro aliacha kuitengeneza gundi hiyo. Kisha alitoa vimeng'enya vya kukatia ukuta, akajipenyeza kwenye mshipa, akajifunika chembe zinazogandisha damu ili askari wa mwili wasimtambue, akashukia kwenye mapafu na kuanza kujenga upya. Kimya alikuwa akitafuta dawa ya kumzuia asikate ukuta, na alikuwa amekaribia. Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa.

"Zitaota?" alinong'ona.

"Ziote wapi?" Bwana Kanuni alijilazimisha kucheka. "Kwani wewe ni panya? Hao wamezaliwa bila kinga, ndiyo maana seli za mtu zinaota kwao. Wewe una askari wako. Mgeni akiingia tu, wanammaliza."

"Hata akiwa ndugu?"

"Hata ndugu wa tumbo moja. Figo ya mama yako mzazi mwili unaikataa, mpaka unywe dawa maisha yako yote. Mwili haujui undugu, mwanangu. Ungekuwa umejidunga saratani iliyotoka mwilini mwako mwenyewe, hapo ningekaa chini nilie. Askari hawamkamati mwenye nyumba. Ndiyo maana nilipiga marufuku mtu kuotesha seli zake humu ndani, hata kwa mzaha."

Kimya aliyatazama maji yakiondoka na damu yake. Midomo ilikuwa imemkauka. Mzee alidhani ni hofu ya kawaida, akampigapiga begani.

"Mimi naogopa virusi vya damu tu. Aliyetoa uvimbe lazima apimwe. Nakwenda wodini kumwomba."

"Usiende." Kimya alimshika koti. "Nitakwenda mwenyewe, Mzee."

"Na kidole hicho? Aliyeumia haendi popote. Kaa hapo."

Mzee alivuka ua kwa hatua za haraka. Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, na kwenye kitanda fulani mtu alikuwa akikohoa bila kupumzika. Alimweleza muuguzi wa zamu kwamba anamtafuta mgonjwa aliyewapa uvimbe wa utafiti. Jina hakuwa nalo. Maabara ilikuwa haipewi majina, kwa kanuni yake mwenyewe.

"Nyinyi watu wa maabara mna mambo," muuguzi alisema. "Ndugu yake si yuko huko huko kwenu? Ndiye aliyembembeleza akubali kutoa kipande cha uvimbe. Hakukwambia?"

Hasira zilimpanda Bwana Kanuni, kwa maana hakuna mtafiti aliyeruhusiwa kumjua mgonjwa wake, seuze kuwa ndugu yake. Halafu akaukumbuka ule mwendo wa mtu anayekimbizwa, na hasira zikamwisha. Angefanyaje? Damu nzito kuliko maji. Angemgombeza kesho, lakini kumfukuza hapana. Na hatari haikuongezeka hata chembe. Kwa askari wa mwili, ndugu naye ni mgeni kama wageni wengine. Alijisikia mwepesi.

"Hali yake vipi?" aliuliza.

"Saratani imeenea mapafuni, sasa ini nalo limeanza. Lakini bado mcheshi huyo, hata sisi anatuchekesha. Nenda kabla hajachoka. Kitanda cha mwisho, dirishani."

Alikwenda, huku akipanga maneno ya heshima ya kuombea damu ya mtu anayekufa. Alipovuta pazia, maneno yote yalimpotea. Alitaka kumkaripia Kimya: si alimwambia asitoke maabara? Kisha akashangaa amekonda vipi kwa muda mfupi kiasi kile, na nywele amezipeleka wapi. Akamtazama mikono. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vizima.

"Bila shaka wewe ndiye Bwana Kanuni," mgonjwa alisema kwa sauti ile ile ya Kimya, akijitahidi kutabasamu. "Karibu ukae. Usione haya, kila mtu hushtuka hivyo hivyo; tulikuwa mtu mmoja, tukagawanyika tumboni. Mama mwenyewe alimfunga mmoja wetu uzi mkononi, asije akamnyonyesha huyo huyo mara mbili."