Tairi Nne za Theluji

Kwenye kiganja cha mkono wa kushoto Mzee Wanjala alikuwa ameandika maneno manne kwa kalamu: LEGEZA, INUA, BADILISHA, KAZA. Kisha akavaa glavu, mtu asije akaona.

Hebu fikiria! Fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini na moja, aliyekuwa akifungua magurudumu ya malori ya miwa kule Webuye, Kenya, huku akipiga soga, leo anajiandikia kazi ya kubadilisha tairi kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kichwa kilikuwa kimeanza kumchezea, na yeye mwenyewe alijua. Mwezi wa tisa aliacha jiko likiwaka akaenda kulala. Juzi alimwita mjukuu wake Lynette kwa jina la marehemu mkewe.

Na hapa Minnesota, Marekani, mzee akianza kusahau, kila mtu anajua anakopelekwa. Rafiki yake, Mzee Nahashon wa Brooklyn Park, alipotea njia akitoka dukani, mara moja tu jamani. Wiki iliyofuata alikuwa katika nyumba ya wazee, anakula viazi vya kupondwa na watu asiowajua.

Alhamisi, akiwa sebuleni, Mzee alimsikia mwanawe Francis akiongea kwa simu jikoni. "Dada Bernardine, njoo Jumamosi umwone akifanya kazi. Ukishamwona ndipo utaamua." Bernardine alikuwa nesi, walisali naye kanisa moja. Halafu akamsikia Peris, mke wa Francis, kwa sauti ya kutaka kulia: "Na akishindwa? Tutafanya nini, Francis?"

Mzee aliguswa sana. Kumbe mkaza mwana alimpenda hivyo! Akaapa kwamba hatashindwa. Nyumba ya Webuye iliuzwa mkewe alipofariki, na hakuwa na pengine pa kuzeekea ila hapa Coon Rapids, karibu na Lynette, ambaye humjibu kwa Kiingereza lakini kila jioni huja kulalia mapajani pake.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, baridi inakata masikio. Snow ingeanza Jumatatu, redio ilikuwa imesema. Bernardine alisimama mlangoni mwa garaji na kikombe cha chai, anatazama. Francis alikuwa amezipanga tairi za theluji, zile zisizoteleza kwenye barafu, kando ya gari lao la Sienna, zikiwa na rimu zake.

"Baba, nikusaidie?"

"Wewe kaa huko huko. Hata spana hujui inashikwa wapi."

Bernardine akacheka. Vizuri, Mzee akajisemea, amecheka.

Akaweka tofali nyuma ya gurudumu. Akalegeza nati gari likiwa bado limekaa chini, kama fundi wa kweli, si kama hawa vijana wanaoinua kwanza halafu gurudumu linazunguka nao. Akapiga jeki. Gurudumu la kwanza likatoka, la theluji likaingia, nati tano akazikaza kwa kuvuka, hii kisha ile ya upande wa pili. La pili hivyo hivyo. Mgongo uliuma na vidole vilikufa ganzi, lakini alikuwa na raha ambayo hakuwa ameionja tangu atoke Webuye.

Kwa la tatu akakwama. Aliishika ile tairi, na ghafla hakujua kama ni ya kulia au ya kushoto. Ubavuni ilikuwa na mshale wa kuonyesha inakozungukia. Akautazama ule mshale, akalitazama gari, hakuna kitu kichwani. Akavua glavu. Jasho lilikuwa limefuta maneno yote. Machozi yakamlengalenga. Basi, akawaza, nimekwisha.

Peris akatoka ndani ya nyumba, akapita karibu naye akijifanya anaokota jani. Peris huyu, ambaye kwa heshima za kwao hakuwahi kumsogelea baba mkwe hata kwa hatua mbili! "Hiyo ni ya upande wa kule, Baba," akanong'ona bila kumtazama, akaisukuma nyingine kwa mguu ikaja mbele yake.

Mungu akubariki mwanangu, Mzee alisema moyoni, akainama tena.

Alipomaliza akateremsha gari, na spana ya kupimia mkazo ikalia klik mara ishirini, mara moja kwa kila nati. Akapima upepo, akarudisha jeki ndani ya buti bila kuambiwa na mtu. Akasimama wima kwa shida na kumgeukia mgeni.

"Nesi, umeona kosa?"

"Hata moja, Mzee."

Peris aliufunika uso kwa mikono miwili akalia, na Francis akamkumbatia. Mzee Wanjala alicheka kwa sauti kubwa. Alitaka Lynette aletwe nje, na koti lake, wauzunguke mtaa mzima kwa gari, babu na mjukuu, mtoto aone kazi ya babu yake.

Bernardine akaweka kikombe chini. "Basi Francis, mimi sina wasiwasi. Kwenye nyumba yangu ya wazee kule Oakdale sichukui wanaosahausahau, maana sina wa kukesha nao. Angekosea hata nati moja, ningewaachia mkae naye hapa hapa. Lakini huyu anajiweza kabisa. Chumba chake kiko tayari, hata leo."

"Asante sana, Baba," alisema Francis, akamfungulia mlango wa gari.