Kiganja Juu ya Mkato

Aleyamma aliuziba kwa kiganja mkato mbichi kwenye mti wa mpira, maana katibu wa wakulima alikuwa ameshaingia shambani. Utomvu ukamtambaa hadi kwenye kifundo cha mkono, mzito na wa baridi.

Bei ilipoporomoka, kijiji chao cha Kerala kiliapa kutogema mpira mpaka viwanda viiongeze, na vikombe vyote vya kukingia utomvu vikapinduliwa mitini. Atakayevunja kiapo atanyimwa mashine ya kijiji ya kubana mpira. Aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mumewe. Na mkato huu ni wa kisu chake. Aleyamma aliujua mkono wake.

"Shemeji, unaukumbatia mti kama bwana harusi!" katibu alicheka. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala."

"Na wewe mkono umekwama?"

Tone jeupe likadondoka kwenye kidole cha mguu cha Aleyamma. Katibu akaacha kucheka. Nyuma yake mume alikuwa anakuja mbio kutoka nyumbani, kinywa wazi, tayari kusema.

Aleyamma akauondoa mkono. Utomvu ukatiririka hadi mizizini.

"Nimegema mimi," alisema. "Mchele umeisha, na yeye hajui."