Tambo Amtoa Bibi Juani

Bisha ukitaka, lakini Tambo, pimbi mdogo kuliko wote mlimani, ndiye aliyemtoa bibi yake juani. Mwamba ulichoma kama kikaango. Bibi alishaanza kumwita Tambo kwa jina la marehemu babu, na bado hakutaka kuingia pangoni.

"Sisikii joto, mjukuu wangu. Jua hili nimekua nalo."

"Na litakuzika, bibi."

Akabembeleza, akatania, akavuta sikio. Bibi hakubanduka. Mwishowe Tambo akaanguka chali. Bibi akashtuka, akamkokota huku akiyumba hadi kwenye kidimbwi cha pangoni.

"Kunywa."

"Sinywi mpaka nawe unywe."

Bibi akanywa, akili ikamrudia.

Jioni Tambo akawatambia wenzake ujanja wake wa kujiangusha. Bibi akamtazama tu.

"Haya," akasema Tambo, "kuanguka kwenyewe sikuigiza."