Mgeni Asiyebisha Hodi

Ukumbi mzima ulikuwa umeikodolea macho chupa iliyokuwa mezani, na ni mshonaji peke yake aliyejua kwamba maji yaliyomo siyo yenyewe.

Alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, jasho likimchuruzika mgongoni. Jukwaani alisimama binti yake mkubwa, ambaye watu walimwita Chipukizi kwa sababu kati ya wote waliogombea baraza la mkoa hakuna aliyekuwa mdogo kama yeye. Kwenye mabango yake aliandika maneno mawili tu: mazingira, ujirani.

"Kitendawili!" Chipukizi aliita.

"Tega!"

"Mgeni wangu huingia kila nyumba, habishi hodi, na hakuna anayemfukuza."

"Maji!" watoto wa mtaa wa chini wakawahi kabla ya wakubwa.

Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: wachangamshe watu kwanza, ndipo uwape neno zito. Siku nyingine mshonaji angecheka. Leo alikuwa ameyauma meno.

"Kiwanda cha ngozi kinamwaga uchafu mferejini," Chipukizi akasema, "na mfereji unateremka mtaa wa chini. Maji haya nimeyachota kule alfajiri, wenyewe wakishuhudia. Ukiyatazama, meupe pe. Ubaya wake hauonekani kwa macho."

"Sasa sisi wa mtaa wa juu yanatuhusu nini?" mwenye bucha alipaza sauti kutoka nyuma. "Sisi tuna visima vyetu bwana!"

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa, aliyekikalia kiti cha baraza hadi kikachukua umbo lake, naye alicheka, tumbo likiitikisa tai.

"Mwanangu, siasa si maigizo ya shule. Ulisema mwenyewe mbele ya watu hawa, maji yakionekana salama unalitoa jina lako. Bado umesimama na neno lako, au tukuletee kiti upumzike?"

"Nimesimama nalo."

Mshonaji akafumba macho. Kichwa kigumu, baba yake mtupu!

Asubuhi ile jikoni kulikuwa na vurugu tupu. Chipukizi alikuwa chumbani akipiga pasi gauni. "Mama, hiyo chupa ya mezani usiiguse hata kwa kidole," alisema. Naye hakuigusa. Kiwiko ndicho kilichoigusa. Alikuwa amembeba mjukuu wake, mtoto wa Chipukizi, huku akimkorogea maziwa ya unga. Mtoto akajitupa nyuma, chupa ikaenda chini, kifuniko huku, maji kule. Mshonaji akashika kichwa. Kisha akafanya lililokuwa jepesi kuliko kusema: akaichovya chupa kwenye ndoo ya maji ya kisimani, ile ile aliyochotea maji ya maziwa, akaipangusa na kuirudisha mahali pake. Angemwambia njiani. Lakini njiani walijaa wapambe, kila mmoja na lake, na mwanya haukupatikana.

Na maji yenyewe basi! Kisima kile marehemu mumewe alikichimba kwa mikono yake, hapo hapo nyuma ya kiwanda, enzi hizo kiwanda hakina hata ukuta. Majirani walikuja na madumu yao wakisema chai ya kwa mshonaji haidai sukari. Leo maji hayo matamu ndiyo yatakayomwaibisha mtoto wake hadharani.

Mpima maji, aliyekubaliwa na pande zote mbili, alimimina maji kidogo kwenye kijichupa cha kioo.

"Natia matone ya dawa," akaeleza. "Yakibaki meupe, hayana neno. Yakigeuka zambarau, yana sumu ya kiwandani."

Mshonaji alijikuta amesimama. "Ngoja, baba!"

Chipukizi alimgeukia, na katika macho yale mshonaji alimwona yule mtoto aliyegoma kuuachia mkono wake siku ya kwanza ya shule.

"Kuna nini, Mama?"

Akisema, mwanawe ataitwa tapeli. Asiposema, ataitwa mwongo. Achague lipi?

"Hamna, mwanangu. Nilitaka... nilitaka kuona vizuri."

"Keti, dada yangu," Mheshimiwa akasema. "Hapa hatushoni."

Wakamcheka. Akaketi.

Tone likaanguka. Maji yakabaki meupe.

Likaanguka la pili. Meupe vile vile. Mheshimiwa akaanza kuinyoosha tai, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. Mpima maji akaanza kukitikisa kijichupa taratibu, na mshonaji akajifunika uso kwa viganja. Hakutaka kuona.

Akasikia mtu mmoja akiguna. Kisha ukumbi ukalipuka.

Alipofungua macho, kijichupa kilikuwa zambarau, zambarau iliyokolea kama biringanya. Vijana wa mtaa wa chini walikuwa wamemnyanyua Chipukizi mabegani, machozi yakimtoka huku anacheka. Mheshimiwa alikuwa akiutafuta mlango. Hata mwenye bucha alipiga makofi, jinsi mtu anavyopiga makofi kwa msiba usiomhusu.

"Mwanao kashinda, mama! Kashinda!" jirani yake alimkumbatia na kumtikisa. "Jamani, mbona umeganda? Furahi!"

Mshonaji hakumsikia. Simu ilikuwa ikilia ndani ya mkoba; akafungua zipu, akaipokea. Alikuwa binti yake wa mwisho, aliyeachiwa mtoto nyumbani.

"Mama, huyu mjukuu wako leo ana kiu huyu! Maziwa yote uliyomwachia kayamaliza, bado analia. Nimkorogee mengine?"