Pafu la Chui

Daktari Selemina alifungua kopo akalifunga tena, kwa kuwa alichokiona kilimpandisha hasira. Pafu la chui dume, aliyekufa juzi katika bustani ya wanyama ya mji ule, lilikuwa limefukiwa katika chumvi ya mawe.

"Mzee Yeremia, nilikuachia chupa ya dawa, nikasema pafu litumbukizwe humo. Sikusema?"

"Ulisema, Daktari. Lakini dawa ile ina harufu kali, nikahofu itaharibu nyama. Marehemu baba alikuwa akihifadhi nyama ya nyati kwa chumvi, miezi mitatu haiozi."

"Kwani mimi nataka kuila?"

"Hasha, mama."

"Chumvi hunyonya maji yote. Chini ya hadubini nitaona makunyanzi matupu! Na jike anaendeleaje?"

Yeremia, aliyemlea chui huyo jike kwa maziwa ya chupa, aliinamisha kichwa. "Tangu alfajiri anakohoa kama mwenziwe. Nyama hataki."

Selemina alishusha pumzi. Mzoga wa dume ulikwisha kuchomwa moto. Asipoutambua ugonjwa katika pafu hili, atamtibu jike kwa kubahatisha. Alilikung'uta, akalipasua polepole kwa kisu, akitafuta sehemu ya ndani ambayo chumvi haijaifikia.

"Sogeza taa, mzee. Wala usiguse kitu kingine."

Mzee aliisogeza kwa mikono miwili. Wakainama pamoja juu ya mpasuko ule, ambamo katikati yake ulionekana wekundu wa nyama isiyofikiwa na chumvi, mwembamba kama uzi.